Sindano Ambazo Victoire Hakuzituma

Kuku alitulia mapajani mwa Victoire njia nzima kutoka Butembo, na utulivu ule ulimuudhi. Mtu unatarajia kuku wa kuombea msamaha naye ahangaike kidogo, apige kelele, amsaidie anayembeba. Huyu alifumba macho kama mwenye nyumba. Victoire, daktari wa watoto wachanga, ambaye wauguzi wazima walikuwa wakishusha sauti akipita, alibanwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi, kitenge chake kipya kimejaa manyoya, akienda Beni kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda. Ukitaka kujua mapenzi yanamfanya nini mwenye akili zake, mtazame huyo.

Aliyemsubiri Beni ni Mama Kahongya, mama yake Muyisa. Mama huyu alikuwa ametoa neno lake mbele ya wamama wenzake wa kanisa, na neno likishatolewa mbele ya wamama wa kanisa halirudishwi mfukoni: mbuzi wa mahari hawatatoka kwake mpaka Victoire aje apige magoti, akiri kwamba alimnyima mjukuu wake dawa. Baba yake Victoire, mzee Lusenge, mfanyabiashara wa Butembo asiyependa maneno mengi, alisema mara moja tu, "Mutoto yangu hapana mubaya. Kama banamutaka, bakuje bo benyewe."

Lakini Muyisa alipiga simu. "Chérie, ni neno moja tu. Unasema pardon, mama anacheka, tunakula kuku, kwisha. Fanya juu yangu."

Juu yangu, yaani kwa ajili yangu. Victoire alikuwa na dawa za maradhi mengi, za maneno hayo mawili hakuwa nazo.

Mambo yalianza mwanzo wa mvua, Shekinah, dada mdogo wa Muyisa, alipojifungua kabla ya siku zake. Mtoto akapandishwa Butembo, kwenye wodi ya wachanga anayoiongoza Victoire, kadogo hata ukikaweka kwenye kitenge unakatafuta. Kwa hofu ya maambukizi Victoire akamwanzishia dawa za kuua vijidudu, kama inavyopasa. Lakini damu ilipopimwa ikaonekana safi, mwili ukashika joto, mtoto akaanza kunyonya kwa pupa. Victoire akakata dawa.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kwa watu wetu, mtoto wa hospitali ni mtoto wa sindano, asiyechomwa hajatibiwa. Victoire aliikuta wodi ile ikimchoma kila kichanga anayeingia, mgonjwa na mzima, tangu anaingia hadi anatoka, na matokeo yake aliyaona kwa macho: vijidudu vilivyozoea dawa havikushtuka tena, na vichanga wagonjwa kweli wakamfia mikononi huku dawa ikiingia mshipani bure. Aliwazika wengi mno moyoni mwake. Basi akaweka utaratibu, anayehitaji dawa apewe upesi, asiyeihitaji akatiwe. Wauguzi walimwitikia kwa midomo, mioyo ikabaki pembeni inangoja. Alipomkatia dawa mtoto wa wifi yake mtarajiwa, na mtoto akanenepa, ndipo wakasema, kumbe daktari anaamini anachokisema. Tangu hapo wodi ikamfuata. Kila akimfundisha muuguzi mpya alimtaja mtoto huyo, Melchior wa Beni, aliyekua bila sindano za bure.

Na katika siku zile ngumu, Mama Kahongya alipokuwa akilia kwenye korido kwamba mjukuu wake anauawa, ni mtu mmoja tu aliyesimama upande wa Victoire. Muyisa alimfuata nyuma ya jengo, penye kamba za kuanikia mashuka, akamtazama kwa macho yake makubwa, yale ambayo siku zote huonekana yameamka sasa hivi, akamwambia, "Miye ninakuamini." Victoire alikwisha kusikia maneno ya mapenzi matamu kupita hayo. Hayo ndiyo yaliyomwingia. Hayo ndiyo yaliyombebesha kuku.

Nyumba ya Mama Kahongya ilikuwa Boikene, mtaa wa Beni, na uwanja wake ulikuwa umetandazwa maturubai ya kakao. Muyisa hununua kakao Mutwanga na vijiji vya chini ya Rwenzori, na kuianika hapo kabla ya kuiuza, na harufu yake ya uchachu ilimpokea Victoire kabla ya watu. Kisha akaja Muyisa mwenyewe, shati jeupe la kanisani, akachukua kuku kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamgusa kiwiko, mguso mfupi, maana dirishani palikuwa na macho.

"Umekuja," alisema.

"Uliniita."

"Mama iko mu salon, anamalizia kusali. Kaa kwanza na Shekinah ku jikoni. Nitakuita."

"Muyisa, nitaomba pardon. Mais sitasema nilikosa ku kazi yangu."

"Omba tu. Batu habaulizake pardon ni ya nini."

Alicheka, na mwanya wake ukaonekana, na Victoire naye akacheka. Alikuwa hajamwona kwa wiki nyingi. Alijisikia kama msichana wa shule, na hakuona aibu.

Jikoni, Shekinah aliacha sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye moto akamkumbatia kwa mikono yenye harufu yake. "Wasingya, shemeki, asante kwa kufika. Ona mutu yako vile amenona."

Melchior alikuwa ameketishwa kwenye mkeka, ameegemezwa mto, mashavu yamejaa, ngumi mdomoni. Alipouona uso wa Victoire alicheka kwa ufizi wote. Victoire alichuchumaa akamshika miguu, akaona raha ambayo madaktari huiona mara chache na hawaisimulii. Kama kuna mtu angemuuliza ushahidi wa maisha yake, angeuonyesha mkeka ule.

Shekinah alichungulia mlangoni, akashusha sauti. "Docteur, leo mama atakuambia maneno mabaya. Vumilia. Miye ninajua ukweli."

"Ukweli gani?"

"Ile ya sindano. Muyisa alinikataza kusema, juu ya bale ba-infirmiers ba wivu ba mu wodi. Mais nimechoka kunyamaza wakati banakutukana. Ungeniachia tu niseme kwamba ni weye ulituma zile sindano."

Victoire aliendelea kutabasamu, kwa sababu uso ulikuwa bado haujapata habari.

"Sema tena," alimwambia. "Nilituma nini?"

"Josaphat, si yule muuguzi wa kale ka-poste ka afya karibu na soko. Alikuwa anakuja asubuhi na mangaribi, pale nyuma ya hôpital, wakati natoka na mutoto mu kifua kuota jua. Anamuchoma ku paja, anaenda. Muyisa alinieleza vizuri: docteur amekata dawa mbele ya batu juu ya sheria yake, mais ya kwetu amemutafutia mu siri, kwa sababu sisi ni famille." Shekinah aliunyanyua mkono wa Victoire akaubusu. "Nilikuombeaka kila siku. Ulivunja sheria yako juu ya mutoto wangu."

"Ilikuwa dawa gani?"

"Gentamicine. Tuchupa tudogo. Alimaliza tote."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, ila hawakusema kwamba kikishakula nguo hubaki nzuri vilevile. Asubuhi na magharibi. Dawa ile, kwa kichanga wa uzito ule, hupimwa kwa matone na kupewa kwa nafasi ndefu. Ikizidi hula figo, na hula masikio.

Kifuniko cha sufuria kiliteleza jikoni hapo kikaangukia saruji kwa kishindo. Shekinah aliruka. Hata kuku, aliyelala tangu Butembo, alipiga mabawa pembeni alikowekwa na Muyisa. Melchior, ambaye kifuniko kilizunguka nyuma ya mgongo wake hadi kikatulia, aliendelea kunyonya ngumi.

"Huyu hapana na woga," Shekinah alisema kwa fahari, akikiokota. "Hata mvua ikipiga mabati, analalaka tu. Mama anasema atakuwa mwanaume kweli."

Victoire alizunguka nyuma ya mtoto akapiga makofi. Akapiga tena, karibu na sikio. Akachukua kijiko akagonga sufuria upande huu, akagonga upande ule. Mtoto alikuwa anautazama moto. Aligeuka tu Shekinah aliposogea mbele yake, akamcheka.

"Unacheza naye?" Shekinah aliuliza.

"Ndiyo," alisema Victoire. "Nacheza naye."

Alitoka. Muyisa alikuwa kwenye maturubai, anageuza kakao kwa reki, mikono ya shati imekunjwa. Alipomwona anakuja alitabasamu, kisha tabasamu likaishia njiani.

"Muyisa, Josaphat ni nani?"

Mdomo wake ungeweza kudanganya. Macho hayakuweza. "Nani amekuambia?"

"Mwenye ananishukuru."

Aliiweka reki chini polepole. "Mutoto alipona, Victoire. Juu ya nini turudilie ile?"

"Alikuwa muzima kabla ya Josaphat kumugusa. Njo maana nilikata dawa."

"Haukusikia mama. Aliniambia, huyu mutoto akikufa, sahau ule mwanamuke. Ungefanya nini ku pahali pangu? Nilitaka, kama kitu inatokea, pasikuwe mutu wa kusema ni weye uliua. Nilifanya juu yetu."

"Na jina yangu? Uliitumia juu yetu pia?"

"Shekinah hangekubali bila jina yako. Yeye alikuwa anakuamini."

"Na weye?"

Muyisa alitazama kakao. "Nilikuamini," alisema. "Mais niliogopa."

Victoire alikumbuka mashuka kwenye kamba, maji yakidondoka, na yale maneno aliyoyalalia miezi yote hii kama mto. Kuna swali ambalo mtu mwenye kujipenda haliulizi. Yeye aliliuliza.

"Siku uliniambia unaniamini, Josaphat alikuwa amekwisha kuja, ao bado?"

Muyisa aliokota mbegu ya kakao iliyoanguka nje ya turubai, akairudisha.

"Muyisa."

"Alikuwa amekuja ile asubuhi."

Hakulia. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda hata sasa, amesimama hapo na vidole vinanuka kakao, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Laiti angeweza kumchukia, angepumzika.

"Melchior hasikie," alisema.

"Nini?"

"Nimemupigia makofi ku masikio, nimegonga sufuria. Hageuke. Nitamupima vizuri ku Butembo, mais nimeona batoto bengi ba hivi. Hasikie."

"Ni mutoto mudogo."

"Myezi yake inatosha kwa kugeuka."

Muyisa aliketi juu ya gunia. "Ni ile dawa?"

"Ile dawa inaweza. Kuzaliwa mbele ya wakati pia inaweza. Sitajua hata siku moja. Na weye hautajua. Njo kitu ulituachia."

Akakishika kichwa kwa mikono miwili. Alipokiinua, macho yake yalikuwa yamepata mlango wa kutokea. "Basi sema ni kuzaliwa mbele. Haitakuwa uongo. Umesema weye mwenyewe inaweza."

Victoire alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye umefika kwake umechelewa. Kisha, kwa sababu mapenzi ni mkaidi kuliko akili, akachuchumaa mbele yake akamshika magoti.

"Nisikilize. Tunaingia kwa mama sasa. Nitapiga magoti, nilikuja kwa ile. Weye utasema vile ulifanya, weye mwenyewe, na mudomo yako. Ukisema, nitabeba huu muzigo na weye mpaka tuzeeke, na sitakukumbusha. Ukinyamaza, ni kwisha."

Machozi yalimtoka Muyisa. "Nitasema," alisema. "Chérie, nitasema."

Na Victoire akampangusa shavu kwa ncha ya kitenge. Mwiteni mjinga mkitaka. Aliyewahi kupenda hatamwita hivyo.

Mama Kahongya aliketi sebuleni kwenye kiti chake cha mikono, Biblia pembeni, kitambaa cheupe kichwani. Hakuwa mwanamke mkorofi. Alikuwa amezika wajukuu kabla ya huyu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shekinah aliingia na mtoto akaketi kwenye mkeka. Muyisa alisimama mlangoni. Victoire alipiga magoti kwenye saruji.

"Nakusikiliza, mwanangu," alisema Mama Kahongya.

"Mama, ulilia ku korido yangu na miye nikapita. Ningekaa na weye, ningekueleza polepole juu ya nini mutoto hapana na haja ya dawa. Sikukaa. Kwa yale machozi, ninakuomba pardon, na ninaomba kweli."

Mama alishusha pumzi. Hakuwa ametegemea maneno ya namna hiyo, na yalimgusa, ilionekana mdomoni. "Umesema vizuri. Na dawa?"

Victoire aligeuza kichwa akamtazama Muyisa. Mama naye akamtazama. Shekinah akamtazama. Hata mtoto, akifuata nyuso za wakubwa, akamtazama.

"Mama," Muyisa alianza.

Wakangoja.

"Mama, muache asimame. Ameomba pardon. Inatosha."

Akashusha macho sakafuni, na hapo yakabaki. Victoire alingoja bado, akampa muda wa kulisema lile neno na kulirudia, akampa na mwingine juu yake. Kisha akasimama bila kuambiwa. Magoti yalikuwa na vumbi, hakuyapangusa.

"Shekinah," alisema, "zile sindano hazikuwa zangu. Sikumutuma mutu. Uniletee Melchior ku Butembo kesho nimupime masikio."

"Masikio ya nini?"

"Muite."

Shekinah alimtazama, asielewe. Akainama nyuma ya kichwa cha mwanawe. "Melchior." Mtoto alichezea kishikizo cha blauzi ya mama yake. "Melchior." Akalisema kwa nguvu. Bibi naye akasogea mbele kwenye kiti akaliita, sauti ya mwimbaji wa kwaya, sauti iliyojaza nyumba. Mtoto aliinua uso akaona mdomo wa mama yake umefunguka, akacheka.

Kisha Mama Kahongya aligeuka, polepole, kwa mwanawe.

"Sindano gani hizo? Nani alizituma?"

Muyisa alimtazama mama yake. Akamtazama Victoire, macho yale makubwa, yamejaa maji, yanamwomba amsamehe kwa jambo ambalo alikuwa bado hajalitenda.

"Ni Victoire," alisema kwa sauti ndogo. "Alimutuma Josaphat mu siri."

Victoire aliona yote kwa pamoja, jinsi habari ingepanda barabara kabla yake, teksi kwa teksi, mpaka wodini: kumbe daktari anatukataza sindano, na wa kwake anawachoma kwa siri. Aliwaona wauguzi wakizifungua tena chupa, asubuhi na magharibi, kwa kila kichanga, na nani angewazuia, na kwa mfano gani.

"Donc ulimunyima mbele ya batu," alisema Mama Kahongya, sauti inatetemeka, "na mu siri ukamuua masikio."

"Hapana, mama."

"Mwanangu amesema."

"Nimemusikia."

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kuwaambia wamwite Josaphat. Lakini alikuwa akimtazama Muyisa, na Muyisa alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika, na Victoire akaona kwamba hata Josaphat akiletwa na kuapa, mtu aliyemfuata penye mashuka hatapatikana tena, kwa sababu hakuwahi kuwepo. Alichukua mkoba wake akatoka, akapita kando ya maturubai asikanyage kakao.

Shekinah alimkimbilia hadi langoni, mtoto kiunoni, macho mekundu.

"Docteur. Nimulete saa ngapi?"

"Asubuhi. Nitakuwa pale."

"Ni weye utamupima?"

"Ni miye." Victoire alimshika Melchior mguu, ule uliochomwa ama ule mwingine, hakujua. "Shekinah, unaamini nani?"

Shekinah alitazama nyuma kwenye nyumba ambamo kaka yake alikuwa analia, akamtazama Victoire, akampandisha mtoto vizuri kiunoni.

"Sijue," alisema. "Ule ni ndugu yangu. Mais asubuhi nitakuja."

Victoire akaitikia kwa kichwa, akashika njia ya kwenda barabarani. Alitembea polepole, polepole kuliko alivyohitaji, ili kama kuna mtu wa kumwita, asipate taabu ya kupaza sauti. Alifika barabarani. Teksi ya Butembo ilisimama, dereva akamfungulia mlango, naye akamwomba asubiri kidogo, akasimama na mkono juu ya mlango mpaka abiria wakaanza kunung'unika. Hakuna aliyemwita. Akaingia.